Kabla Hujabonyeza Ruhusu

Miaka michache iliyopita, watu nchini Kenya walianza kudaiwa madeni yasiyo yao. Mchungaji alitumiwa ujumbe kwamba muumini wake amekwepa kulipa mkopo. Bosi alipigiwa simu kuhusu mfanyakazi wake. Shangazi wa kijijini, mwenye simu ya vibonye tu, alitakiwa ambane mpwa wake alipe leo hii. Hakuna kati yao aliyekopa wala kumdhamini mtu. Namba zao zilikuwa zimehifadhiwa kwenye simu ya mkopaji, basi. Mkopaji mwenyewe, akiwa amebanwa na ada au kodi ya nyumba, alipakua programu ya mikopo, ikamwomba ruhusa ya kusoma majina yaliyomo simuni, akabonyeza Ruhusu. Tanzania nako wakopaji wa mtandaoni wameyapata hayo hayo.

Mguso mmoja wa kidole umefanyaje yote hayo?

Android, mfumo unaoendesha simu janja nyingi za ukanda wetu, umejengwa juu ya Linux. Linux huwezesha kompyuta moja kutumiwa na watu wengi bila mmoja kusoma mafaili ya mwenzake, na kila mtumiaji hupewa namba yake ya utambulisho. Wahandisi wa Android waliuchukua utaratibu huo wakaupa kazi nyingine: namba ya utambulisho haipewi mtu, inapewa programu. Kwa hiyo simu yako ni kama nyumba ya wapangaji, kila programu na chumba chake na ufunguo wake. Programu ya tochi haiwezi kusoma mazungumzo yako ya WhatsApp, hata kama zote ziko kwenye simu moja.

Vitu vya pamoja, yaani kamera, kipaza sauti, majina, ujumbe mfupi na mahali ulipo, hushikwa na mfumo wenyewe. Programu ikivitaka sharti iombe. Hadi mwaka 2015, simu za Android zilikuwa zinaonyesha orodha nzima ya ruhusa wakati wa kupakua: ukubali zote au uache programu. Toleo la 6 la mfumo huo ndilo lililoanza kuuliza ruhusa moja moja, pale inapohitajika. Yalikuwa mabadiliko makubwa, maana kuanzia hapo mtu aliweza kuikatalia programu majina yake na bado akaitumia.

Lakini kidirisha kile cha kuomba ruhusa hakikwambii kuyanakili majina hayo kunachukua muda mfupi kiasi gani. Jina na namba ya simu, tuseme ni herufi 50. Majina 600 ni kilobaiti 30 hivi, takriban sehemu moja ya mia ya picha moja ya megabaiti 3. Hata kwa mtandao wa kusuasua, orodha nzima inaweza kuwa imeshaondoka kabla hujafika ukurasa wa pili wa fomu ya mkopo. Ukiifuta ruhusa jioni unazuia usomaji wa kesho tu. Nakala iliyokwisha kuchukuliwa imo kwenye kompyuta za kampuni, na hakuna kitufe simuni mwako kinachoifikia.

Ndiyo maana siridhiki na wanaosema, "Mimi sina cha kuficha." Huenda huna. Lakini namba ya dada aliyemkimbia mume mpigaji unayo wewe, na ya daktari wako, na ya jirani aliyekuamini. Hao hawakuonyeshwa kidirisha chochote. Ukibonyeza Ruhusu umewajibia na wao.

Sheria zimeanza kulifikia jambo hili. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mwaka 2022 Benki Kuu ya nchi hiyo ikatoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kwa matumizi ya namna hiyo ya taarifa za watu. Mwaka huo huo Google ilizipiga marufuku programu za mikopo zilizoko Play Store kusoma majina na picha za mkopaji. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake hupokea malalamiko ya wananchi. Hata hivyo, faili la programu ulilotumiwa kwa kiungo cha WhatsApp halikupita Play Store, na marufuku hiyo hailigusi. Hapo umebaki wewe na kidirisha chako.

Fungua Mipangilio, ingia sehemu ya faragha, utafute kidhibiti cha ruhusa. Gusa majina kwanza. Utaona kila programu iliyokubaliwa kuyasoma, na pengine utakuta mchezo wa watoto au programu ya kuhariri picha. Ziondolee ruhusa hiyo, zikiihitaji kweli zitaomba tena. Kwenye iPhone zenye iOS 18, iliyotoka 2024, unaweza hata kuchagua majina machache ya kuionyesha programu, mengine yakabaki yamefichwa.

Kisha nenda kwenye ruhusa ya mahali ulipo. Mwaka 2013 watafiti walichapisha uchambuzi wa miezi 15 ya mienendo ya simu za watu milioni 1.5 katika nchi moja ya Ulaya. Data ile haikuwa na majina. Bado, pointi nne tu za mahali na saa zilitosha kumtenga mtu mmoja na wengine wote, kwa asilimia 95 ya watu hao. Unapolala, unapofanya kazi, unaposali na unapopita jioni: mwingine mwenye mchanganyiko huo huo ni nadra kumpata. Tangu Android 12 na iOS 14, unaweza kuipa programu mahali pa kukadiria badala ya mahali halisi. Programu ya hali ya hewa haihitaji zaidi ya hapo, kwani mvua haiulizi namba ya nyumba. Ya kuita teksi inahitaji mahali halisi, ila wakati unaitumia tu.

Hatari nyingine haitoki kwa kampuni. Hutoka kwa mtu anayeijua namba yako ya siri na aliyeishika simu yako dakika chache ulipokuwa unaoga. Angalia kwenye WhatsApp orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kompyuta usiyoifahamu ikiwemo, huenda mtu anasoma ujumbe wako. Angalia pia kwenye Ramani za Google unashiriki mahali ulipo na nani. Ila kama unaishi na mtu anayekutisha, usizime kwa pupa. Kuzima kutamwonyesha kwamba umegundua, na hasira yake inaweza kukupata ukiwa bado ndani. Panga kwanza na mtu unayemwamini, ukitumia simu isiyo yako.

Kuna kitu kimoja ambacho wengi hatukigusi: kadi ya laini. Kibaka akipora simu iliyofungwa kwa alama ya kidole, hana haja ya kuhangaika na skrini. Anachomoa laini, anaiweka kwenye simu nyingine, kisha anaomba namba za uthibitisho za WhatsApp au barua pepe yako, nazo zinamfikia yeye. Kadi ile ni kompyuta ndogo inayoweza kujilinda yenyewe ukiiwekea namba ya siri, kwani kila ikiingizwa kwenye simu itaidai kwanza. Ikikosewa mara tatu inajifunga na kutaka namba ya kufungulia, PUK. Hiyo nayo ikikosewa mara kumi, kadi imekufa moja kwa moja.

Kwa hiyo usibahatishe. Iulize kampuni yako ya simu namba ya siri ya mwanzo ya laini na PUK yake, badilisha hiyo ya mwanzo, halafu uingie WhatsApp uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. PUK iandike kwenye karatasi, uiache nyumbani.