Aliyelipa Asiitwe Mdaiwa

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Usemi huo ni wa kweli, na hapana mfanya kazi mwadilifu anayeubisha. Lakini katika siku zetu kulipa peke yake hakutoshi. Yapasa malipo nayo yaandikwe. Mtu aweza kulipa mpaka senti ya mwisho, na bado akahesabiwa mdaiwa katika daftari ambalo hajapata kuliona kwa macho yake.

Daftari hilo ni lipi? Kwa nguvu ya Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ya mwaka 2006, na kanuni zilizotungwa mwaka 2012, mabenki na taasisi za fedha hutakiwa kupeleka taarifa za wakopaji katika hazina inayosimamiwa na Benki Kuu. Tena ziko kampuni zenye leseni, kama vile Creditinfo Tanzania, zinazompa mkopeshaji taarifa za mwombaji. Shabaha ni njema: mlipaji mwaminifu ajulikane, na mwenye hila asizunguke benki hadi benki akikopa bila kulipa.

Lakini daftari huandikwa na binadamu. Tuutazame Mkoa wa Mara. Katika Musoma, Bunda na Butiama majina kama Magesa, Wambura na Masatu ni ya watu wengi. Karani akikosea tarakimu moja ya kitambulisho, deni la Magesa wa Bunda laweza kumwangukia Magesa wa Butiama. Au tuseme mvuvi wa Musoma amekopa fedha za nyavu na injini, akalipa zote, na mkopeshaji asipeleke habari ya malipo hayo. Siku anapoomba mkopo wa pili huambiwa kwa maneno machache kwamba hafai.

Msimu haumngoji mtu. Mkulima wa pamba aliyekosa fedha za palizi na dawa hugeukia mikopo ile ambayo wananchi wenyewe wameiita "kausha damu", au wakopeshaji wa simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Hivyo ndivyo kosa la kalamu linavyomtia asiye na hatia mikononi mwa wanyonyaji.

Je, hana pa kukimbilia? Anapo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yampa kila mtu haki ya kujua yaliyoandikwa juu yake, na kudai yasiyo kweli yasahihishwe au yafutwe.

Basi ndugu aliyenyimwa mkopo na afanye hivi. Kwanza, aulize sababu, na aombe taarifa yake kwa kampuni iliyoitoa. Pili, aiandikie barua kampuni hiyo, na pia mkopeshaji aliyepeleka habari, maana kosa likibaki kwa mkopeshaji laweza kurudi tena. Aambatishe nakala za stakabadhi na kitambulisho, na abaki na nakala ya barua iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo hayana ushahidi. Tatu, asiporidhika, apeleke malalamiko Benki Kuu, ambayo ina tawi Mwanza. Na haki yake ya taarifa ikivunjwa, aiendee Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Haki hii si jambo geni duniani. Marekani ilitunga sheria yake mwaka 1970, na huko kampuni hutakiwa kwa kawaida kuchunguza lalamiko katika siku 30.

Hata hivyo tusidanganyane. Deni la kweli halifutwi kwa malalamiko, na anayeahidi kulisafisha jina la mtu kwa malipo ya kificho ni tapeli. Linalodaiwa hapa ni ukweli tu, na ukweli huo wamfunga mkopaji na mkopeshaji sawasawa.

Viongozi wa SACCOS na wa vyama vya wafanya kazi wangefanya jambo jema kuwasaidia wanachama wao kuandika barua hizo, kwa kuwa wengi hunyamaza kwa kutojua tu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na jina jema la mfanya kazi ni mali yake. Alilinde kwa stakabadhi.