Mchana Mmoja Katika Bandari ya Yokohama

Meli kubwa za watalii zifikapo Yokohama, nchini Japani, mara nyingi hufunga gatini asubuhi na kung'oa nanga jioni ile ile. Kwa hiyo abiria huwa na saa chache tu za kuutazama mji wenye wakazi zaidi ya milioni 3 na nusu, ambao kwa wingi wa watu hushinda miji yote ya Japani isipokuwa Tokyo.

Wengi hushuka ngazi kwa pupa na kuingia katika mabasi au treni za kwenda Tokyo, ulio umbali wa kilometa 30 hivi. Wengine hukimbilia Kamakura kuitazama sanamu kubwa ya Buddha, au huufuata mlima Fuji, ambao pengine hujificha mawinguni siku nzima. Jioni hurejea wamechoka, macho yakiwa kwenye saa, maana meli haimngoji aliyechelewa.

Wako, hata hivyo, abiria wachache wasiokwenda mbali. Hao hunywa chai yao kwa utulivu, hungoja msongamano wa watu upungue, kisha hushuka na kutembea kwa miguu kando ya bahari. Mtu aweza kuwadhania kuwa wavivu. Kumbe huenda wao ndio wanaopata faida iliyo kubwa zaidi, kwa sababu habari za Yokohama, tangu kuzaliwa kwake hata kuangamia na kufufuka kwake, zimo zote katika ukingo ule mfupi wa maji.

MGONGO WA NYANGUMI

Safari yao huanza pale pale gatini. Gati la Osanbashi lilijengwa kwa mara ya kwanza katika karne ya 19, likamalizika mwaka 1894. Jengo la abiria lililopo leo lilifunguliwa mwaka 2002. Halina ngazi za kupandia juu, bali sakafu yake ya mbao huinuka na kuinama polepole kama mawimbi, mpaka mtu hujikuta amefika darini pasipo kujua. Wenyeji huliita mgongo wa nyangumi. Juu yake pana majani mabichi, na watu wa mji huja kupunga upepo, kuwatembeza watoto na kuziaga meli zinazoondoka.

Ukitazama toka hapo utaona mnara wa Landmark, wenye urefu wa mita 296, uliokamilika mwaka 1993, na mabohari mawili ya matofali mekundu yaliyojengwa na idara ya forodha na kumalizika mwaka 1911 na 1913. Zamani yalihifadhi shehena; tangu mwaka 2002 yamekuwa maduka na mahali pa maonyesho.

MTI ULIOUNGUA UKACHIPUA

Hatua chache kutoka gatini pana nyumba ya kuhifadhi kumbukumbu za kale za Yokohama, ambayo zamani ilikuwa ofisi ya balozi mdogo wa Uingereza. Katika ua wake umesimama mti mmoja mkubwa uitwao Tamakusu. Mpita njia asiyejua habari zake hauoni kuwa kitu, lakini mti huo ndio mzee wa mji.

Kwa miaka zaidi ya 200 Japani ilikuwa imewafungia wageni milango yake, isipokuwa Waholanzi na Wachina waliofanya biashara katika Nagasaki. Mwaka 1853 Commodore Matthew Perry wa Marekani alifika na manowari zake kudai milango ifunguliwe. Alirudi mwaka uliofuata na nguvu zaidi, na tarehe 31 Machi 1854 mkataba ulitiwa sahihi hapo Yokohama, karibu na mti huo. Wakati huo Yokohama kilikuwa kijiji kidogo cha wavuvi.

Mwaka 1859 bandari ilifunguliwa kwa biashara, na kijiji kikageuka mji. Hariri ya Japani ilipakiwa hapo kwenda Ulaya na Marekani. Mwaka 1872 reli ya kwanza ya Japani ilifunguliwa kati ya Yokohama na Shimbashi katika Tokyo, na mwaka huo huo taa za gesi ziliwashwa katika barabara ya Bashamichi. Hivyo mambo mengi mageni yalipita Yokohama kabla hayajaenea nchini.

Mti ule uliungua kwa moto mkubwa wa mwaka 1923. Shina liliteketea, lakini mizizi ilikuwa hai, nao ukachipua tena. Mti unaoonekana leo umetoka katika mizizi hiyo ya kale.

BUSTANI JUU YA KIFUSI

Habari za moto huo huonekana vizuri zaidi katika bustani ya Yamashita, iliyo karibu sana. Huko abiria hukaa juu ya viti vya mbao, hutazama maua na hulisikiliza wimbi likipiga ukuta. Ni mahali pa raha. Lakini chini ya majani hayo pana kifusi cha mji.

Tarehe 1 Septemba 1923, ilipokaribia saa sita ya mchana, tetemeko kubwa la ardhi liliipiga nchi ya Kanto. Watu walikuwa wakipika chakula, na moto wa meko ukashika nyumba za mbao. Katika Tokyo, Yokohama na sehemu za jirani walikufa zaidi ya watu 100,000. Karibu mji wote wa Yokohama ulibomoka au kuteketea. Matofali na mawe ya nyumba zilizoanguka yalikusanywa na kumwagwa baharini kando ya pwani, na juu yake ikatengenezwa bustani, iliyofunguliwa mwaka 1930.

Ndani ya bustani hiyo pana kijumba chenye kuba na mahali pa maji. Kilitolewa mwaka 1939 na Wahindi waliokuwa wakifanya biashara Yokohama, kuwakumbuka wenzao waliokufa katika tetemeko na kuwashukuru wenyeji waliowasaidia siku zile za msiba. Katika msiba ule mgeni hakuachwa peke yake, wala yeye hakusahau.

Mji haukupumzika kwa muda mrefu. Tarehe 29 Mei 1945, zaidi ya ndege 500 za Marekani ziliumwagia mabomu ya moto, na katika muda kama wa saa moja sehemu kubwa ikawa majivu kwa mara ya pili.

MELI ISIYOSAFIRI TENA

Kando ya bustani imefungwa meli ya Hikawa Maru, iliyoanza kazi mwaka 1930 kuchukua abiria kati ya Japani na Seattle. Charlie Chaplin, mchezaji mashuhuri wa sinema, alisafiri ndani yake mwaka 1932. Vita vilipokuja ikafanywa meli ya hospitali, ikapakwa rangi nyeupe na alama za msalaba mwekundu. Iligonga mabomu ya baharini mara tatu isizame. Baada ya vita iliwarudisha askari makwao, kisha ikarudia kazi ya abiria hadi mwaka 1960. Tangu mwaka 1961 imetulia hapo, na watu huingia kuvitazama vyumba vyake.

Adhuhuri ikifika, watembeao hugeukia mtaa wa Wachina, ulio nyuma ya bustani na ulio mkubwa kuliko mitaa yote ya namna hiyo katika Japani. Wachina walianza kuja tangu bandari ilipofunguliwa, wakiwa wakalimani na makarani wa wafanyabiashara wa Kizungu. Mtaa wao uliharibika mwaka 1923, ukaharibika tena mwaka 1945, na kila mara waliujenga upya. Leo malango yake ya rangi na harufu ya mandazi yapikwayo kwa mvuke huwavuta Wajapani wenyewe kutoka kila upande.

WALIOUONA MJI KWA DIRISHANI

Aidhaniaye matembezi hayo kuwa jambo dogo na akumbuke yaliyotokea mwezi wa Februari 2020. Meli ya watalii Diamond Princess, yenye watu wapatao 3,700, ilifika Yokohama ikiwa na ugonjwa wa korona. Abiria walizuiwa vyumbani mwao kwa muda wa majuma mawili. Watu 712 waliambukizwa, na baadhi yao walifariki. Mji ulikuwa mbele ya macho yao, na wengi hawakuweza kuukanyaga. Baada ya hapo meli za watalii kutoka nchi za nje hazikufika Japani mpaka mwaka 2023.

Bandari iliyopatwa na hayo ingeweza kuwachukia wageni. Walikuja kwanza na mizinga, wakaja tena na mabomu, na mwishowe wakaja na maradhi. Lakini jioni, meli inapopiga honi na kuanza kujitenga na gati la Osanbashi, wenyeji hupanda juu ya ule mgongo wa nyangumi na kuwapungia mikono watu wasiowajua hata majina.

Wahenga walisema kwamba mwenda pole hajikwai. Katika Yokohama mwenda pole hupata na jambo la pili: hujua kwamba mahali alipopumzisha miguu yake ni juu ya mawe ya nyumba za watu, waliyoyageuza kuwa bustani.