Geuza Deki Kwanza

Mwezi uliopita jirani yangu hapa Shangani, Mtwara, alinigongea mlango jioni, kashika waya mpya, uso wa mtu aliyepunjwa. "Kaka, njoo uniangalizie hii deki, imegoma kuongea na kompyuta." Waya wenyewe ulikuwa na pini nyembamba upande mmoja, ile inayoingia kwenye tundu la hedifoni, na upande wa pili pini mbili, nyekundu na nyeupe. Laptopu yake imejaa nyimbo alizokusanya tangu yuko chuo, sebuleni ana deki ya DVD na sabufa. Alichomeka kila kitu, akapandisha sauti hadi mwisho, kimya.

Niliigeuza deki, nikapangusa vumbi na ule unyevu wa chumvi ambao upepo wa bahari hautunyimi, nikasoma maandishi juu ya matundu: OUT, OUT, OUT. Yote ni ya kutolea sauti. Deki ya kawaida ya DVD haina mlango wa kupokelea muziki wa mtu mwingine. Kazi yake ni kusoma diski na kupeleka mbele ilichosoma. Tukauchomoa ule waya, tukaupeleka moja kwa moja kwenye sabufa, penye IN, na Harmonize, kijana wa huku huku kwetu, akaanza kuimba kabla hatujakaa. Jirani alikuwa ameshapanga kwenda kununua deki mpya kesho yake.

Kwa hiyo waya ule wa shilingi 5,000 ulitosha. Ubaya wake ni mmoja na nusu. Kwanza laptopu inabaki imefungwa kamba jirani na sabufa, na kila ukitaka kuruka wimbo unainuka. Ile nusu ni mvumo: laptopu ikiwa kwenye chaja, spika nyingi hutoa sauti kama ya nyuki chini ya muziki. Chomoa chaja, nyuki wanaondoka. Usikimbilie kumlaumu fundi.

Kuna deki ambazo kweli hupokea nyimbo kutoka kwenye kompyuta bila waya wa sauti. Nyingi ni za Blu-ray. Utazijua kwa tundu la waya wa intaneti mgongoni au alama ya Wi-Fi, pamoja na herufi DLNA kwenye boksi. Haya ni makubaliano yaliyoanza mwaka 2003, Sony na Intel wakiwa mstari wa mbele, ili kompyuta ya kampuni hii isikilizane na deki ya kampuni ile. Umoja wa kampuni hizo ulivunjwa mwaka 2017, lakini vifaa vilivyotengenezwa kwa utaratibu huo bado vinaelewana. Programu huhitaji kununua: Windows ina uwezo wa kurusha nyimbo hivyo tangu toleo la 7, la mwaka 2009, na Universal Media Server na Jellyfin zinapatikana bure.

Hapa ndipo watu wengi huniambia wanaogopa bando. Wasiogope. Wimbo ambao tayari umo kwenye kompyuta ukienda kwenye deki unazunguka ndani ya nyumba tu, hauendi mnarani ukarudi. Hata ruta si lazima. Washa hotspoti ya simu, unganisha kompyuta na deki, kisha zima data. Kwenye simu nyingi za Android hotspoti hubaki hewani na muziki unapita kama kawaida. Hilo la kuzima data usilipuuze, maana kompyuta ikinusa intaneti huanza kujisasisha kimya kimya, bando likaisha, na lawama zikaangukia deki. Mlaji halisi wa bando ni anayesikiliza mtandaoni moja kwa moja. Kwa ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde, saa moja ni kama MB 58. Saa tano kila siku, mwezi mzima, unakaribia GB 9, na ni nyimbo zilezile za jana.

Je, ununue Blu-ray kwa ajili hiyo? Kwa muziki peke yake, mimi sinunui. Kama unayo, tumia. Na kama umeiona ya mtumba ukaipenda, soma kibandiko cha nyuma kabla hujafungua pochi. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi ni ya volti 100, na umeme wetu ni 230. Ikiandikwa 100-240V uko salama. Ikiandikwa 100V tu, jumlisha na bei ya transfoma, au iache palepale mezani.

Kipokezi cha Bluetooth nacho kipo, kidude kidogo kinachopata umeme kwenye tundu la USB na kutoa sauti kwa waya hadi kwenye sabufa. Kinafanya kazi mita kumi hivi, ukuta wa tofali ukikatiza ni pungufu. Ni kizuri kwa mwenye nyimbo kwenye simu. Ila vingi havina namba ya siri, na siku moja katikati ya kaswida zangu za Ijumaa iliingia singeli ya mtoto wa nyumba ya pili.

Sasa gharama ambayo haimo kwenye boksi lolote: umeme. Ukirusha muziki, iwe kwa waya au hewani, kompyuta lazima ikeshe na wewe. Laptopu ya wati 40 kwa saa tano inakula uniti 0.2. Mteja wa kawaida wa TANESCO anayenunua uniti kwa shilingi 356, kodi na tozo ndani yake, anatumia shilingi 71. Aliye kwenye D1, lile kundi la wasiovuka uniti 75 kwa mwezi, uniti yake ni 122, kwa hiyo ni shilingi 24 tu. Lakini kompyuta ya mezani pamoja na skrini, tuseme wati 150, ni shilingi 267 kwa saa hizo hizo tano. Zidisha kwa siku 30: shilingi 8,000. Na mwenye D1 ajichunge, kwani kompyuta hiyo peke yake inammalizia uniti 22 kati ya zile 75.

Ndiyo maana kwangu fleshi inawashinda wote. Kompyuta unaiwasha mara moja, unahamisha nyimbo, unaizima, kisha fleshi unaichomeka kwenye tundu la USB la deki. Yangu ya GB 16 niliinunua shilingi 12,000. Inabeba nyimbo karibu elfu nne za ubora ule wa 128, wakati CD moja ya MB 700 inaishia kwenye 180 hivi. Deki nyingi za zamani husoma fleshi iliyoandaliwa kwa FAT32 tu, kwa hiyo nunua ya GB 32 au chini yake, na uzigawe nyimbo kwenye mafolda, la sivyo utabonyeza rimoti hadi vidole viume.

Rafiki yangu wa Msimbati, ambako nyumba zinatazamana na bahari, deki yake ilikufa jicho mwaka juzi. Kila diski inaambiwa haipo. Alikuwa anataka kuwapa watoto waivunjevunje. Tundu la USB lilikuwa zima, na hadi leo deki hiyo ndiyo inayopiga muziki sherehe zikiwepo, haijaona diski tangu wakati huo.

Ukienda dukani, piga picha mgongo wa deki na wa sabufa, umwonyeshe muuzaji. Asipoitazama hiyo picha kabla ya kukutajia bei, nenda duka la pili.