Gredi ya Nane Si Barua ya Ajira

Swali hili limenifikia tena wiki hii, safari hii kutoka kwa kijana wa Rusimbi, hapa Kigoma: "Shikamoo mwalimu. Nikimaliza Gredi ya Nane ya gitaa la klasiki, nitaajiriwa wapi?" Limeshanifikia kutoka Mwanga, Ujiji na Kasulu, na kila mara lina imani ileile ndani yake: kwamba mitihani ikiisha, mshahara unaanza. Nalijibu hapa kwa urefu kwa sababu kuna wazazi wanaouza mawese na dagaa kulipia imani hiyo, na hakuna anayewaambia ukweli.

Gredi ya Nane ni mtihani wa mwanafunzi. Bodi zinazojulikana zaidi kwetu ni mbili za Uingereza, ABRSM iliyoanzishwa 1889 na Trinity College London. Tazama mtihani wa vitendo wa ABRSM unavyogawanywa: alama 150 kwa jumla, 90 kati yake kwa nyimbo tatu, 21 kwa skeli, 21 kwa kusoma nota usizozijua, 18 kwa usikivu. Ukipata 100 umefaulu. Umethibitisha kwamba siku ile, mbele ya msikilizaji mmoja, vidole vyako vilitii. Hakuna alama hata moja ya kumfundisha mtoto wa miaka minane asikunje kifundo cha mkono, wala ya kupanga sauti za kwaya, wala ya kuwashika watu wa harusini kwa saa mbili ukiwa peke yako. Katika mpangilio wa sifa za elimu wa Uingereza, gredi ya sita hadi ya nane zipo ngazi ya tatu, ngazi ya kijana anayejiandaa kuingia chuo kikuu. Shule za kimataifa za Dar es Salaam na Arusha, zile mnazozitaja kila mara, hutafuta mwalimu mwenye shahada na sifa za ualimu. Gredi ya Nane ni kitu ambacho mwanafunzi wao anaweza kukipata kabla hajamaliza sekondari. Utaombaje kazi ya ualimu kwa cheti alicho nacho mwanafunzi?

Imani hii haikuota hewani. Wazee wetu waliwaona wapiga gitaa wakilipwa mshahara wa mwezi. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na bendi, JKT walikuwa na bendi, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi, na bendi ya Mlimani Park iliyozaliwa 1978 ikaja kushikwa na shirika la maendeleo la Jiji la Dar es Salaam. Mpiga solo alikuwa mwajiriwa kama karani. Lakini hakuna aliyeingia kwenye bendi hizo kwa kuonyesha gredi. Aliingia kwa kupiga. Na mwajiri yule, kiwanda au shirika la umma lenye fungu la muziki, karibu ametoweka. Kijana wa leo anasomea nafasi iliyofungwa kabla hajazaliwa.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Kongo, ni vilevile. Mwenda Jean Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, akipiga "Masanga" kwa kidole gumba na cha shahada tu. Wapiga gitaa wa nusu ya Afrika wakamfuata bila kumwuliza ana cheti gani.

Mtanijibu kwamba Ulaya mambo ni tofauti. Si tofauti kiasi hicho. Fernando Sor alifundisha Paris. Francisco Tárrega, ambaye kila mwanafunzi wa klasiki hupitia kazi zake, aliishi sana kwa kufundisha. Agustín Barrios wa Paraguay, mmoja wa watunzi wakubwa wa gitaa waliowahi kuishi, alifariki San Salvador mwaka 1944 akiwa mwalimu wa chuo cha muziki. Kuishi kwa jukwaa peke yake ni bahati ya wachache sana katika kila kizazi. Hata kufundisha hakujilipii kirahisi: Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar, yenye jina dunia nzima, mwaka 2019 ilitangaza hadharani kwamba ingeweza kufungwa kwa kukosa fedha, maana wanafunzi wake wengi walikuwa hawamudu ada.

Kwa hiyo mtu akikutumia tangazo la kozi ya miezi mitatu yenye "cheti cha kimataifa cha kukuwezesha kuajiriwa", usimtumie pesa. Cheti cha ABRSM au Trinity hutolewa kwa kufaulu mtihani wa bodi yenyewe. Hakipatikani kwa kulipa ada ya kozi ya mtu. Na kwa ABRSM hutafanya hata mtihani wa gredi ya sita kabla ya kufaulu gredi ya tano ya nadharia au mbadala wake unaokubaliwa. Anayekuahidi kuiruka hatua hiyo anakuibia.

Sasa kinacholipa. Mafunzo ya klasiki yanakupa vitu viwili ambavyo wengi hawana: kusoma nota, na mkono wa kulia unaobeba besi, kati na melodia kwa pamoja. Mtu mmoja mwenye gitaa hahitaji nauli ya bendi. Hoteli zinazopokea wageni wa hifadhi za Gombe na Mahale wakati wa kiangazi zinaweza kukuchukua kwa chakula cha jioni. Nenda na nyimbo za kwetu ulizozipanga mwenyewe, maana Tárrega wameshamsikia kwao. Kwaya zetu nyingi bado zinaandika kwa do-re-mi: anayeweza kuhamisha kazi hiyo kwenda nota na kurudi, na kuiwekea gitaa, atalipwa kwa kila wimbo. Fundisha watoto, ulipwe kwa muhula, pesa mbele. Usitoze somo mojamoja, utakufa njaa masika. Fundisha kwa simu pia: familia nyingi za Kikongo zilizoishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu sasa ziko Marekani, zina makanisa ya Kiswahili, na watoto wanaohitaji mwalimu wa lugha yao. Wakati wa kiangazi cha huko, saa nne asubuhi ya New York ni saa kumi na moja jioni ya Kigoma. Jumamosi moja inatosha wanafunzi kadhaa. Ukitaka ualimu wa shule, nenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukasomee sifa zenyewe. Jisajili Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), na nyimbo unazotunga zisajili Ofisi ya Hakimiliki.

Na jifunze ufundi, kwa sababu mjini kuna magitaa mengi mabovu kuliko wapigaji. Kazi ya kwanza utakayoletewa ni gitaa la nailoni lililofungwa nyuzi za chuma. Nyuzi hizo huvuta karibu mara mbili ya zile za nailoni, na kibao kinachozishika kitakuwa kimeng'oka. Kibandike upya, funga nailoni, toza bei ya fundi, kisha mwulize mwenye gitaa kama ana mwalimu.