Surua miezi 9, halafu tena miezi 18: kwa nini ratiba ya chanjo iko hivi?

Fungua kadi ya kliniki ya mtoto yeyote Tanzania na utakuta umri umeandikwa hivi: kuzaliwa, wiki 6, wiki 10, wiki 14, miezi 9, miezi 18. Ukiangalia harakaharaka utadhani namba zimepangwa ovyo. Kwa nini wasichome zote siku moja yakaisha? Na kwa nini wazazi wengi wakishapata ile ya miezi 9 wanasema "mtoto kamaliza chanjo", wakati kadi ina mstari mwingine chini yake?

Kila namba hapo ina sababu. Twende moja moja.

Siku za kwanza

Mtoto akizaliwa anapata BCG na matone ya polio. BCG ndiyo inayoacha kale kakovu begani. Kazi yake kubwa ni kumkinga mtoto na kifua kikuu kikali, hasa kile kinachoshambulia utando wa ubongo. Kwa mtu mzima kinga yake dhidi ya TB ya mapafu ni hafifu, kwa hiyo kuwa na kovu hakumaanishi huwezi kuugua.

Wiki 6, 10 na 14

Hapa inaingia pentavalenti, sindano moja yenye kinga ya magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B, na bakteria wa Hib anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Pamoja nayo kuna PCV ya nimonia, matone ya polio, na Rota ya kuzuia kuhara.

Kwa nini mapema hivyo? Kwa sababu kifaduro, kwa mfano, huua zaidi watoto wa miezi michache ya mwanzo. Ukisubiri mtoto akue, umechelewa. Lakini mwili mchanga haujengi kinga ya kutosha kwa dozi moja. Dozi ya kwanza inazitambulisha seli za kinga kwa adui. Zinazofuata zinaongeza seli hizo na kuimarisha kumbukumbu yao. Kazi hiyo inahitaji muda, ndiyo maana kati ya dozi na dozi kuna angalau wiki 4.

Fumbo la surua

Chanjo ya surua-rubela ina virusi hai waliodhoofishwa. Ili ifanye kazi, lazima virusi hao wazaliane kidogo mwilini. Sasa, mtoto mchanga ana kingamwili alizorithi kwa mama yake tangu tumboni. Zinamlinda, ni kweli, lakini zinaweza pia kuwaua virusi wa chanjo kabla hawajaufundisha mwili chochote. Kadiri miezi inavyokwenda, kingamwili hizo zinaisha.

Ukichanja mapema sana, chanjo inapotea bure. Ukichelewa sana, surua inamkuta mtoto hana kinga ya mama wala ya chanjo. Nchi ambazo surua ni adimu husubiri hadi miezi 12 au zaidi. Kwetu, ambako bado inazunguka, miezi 9 ndiyo suluhu ya kati.

Suluhu hiyo ina gharama yake. Katika kila watoto 100 wanaochanjwa wakiwa na miezi 9, wanaojenga kinga ni kama 85. Na surua inaambukiza kiasi kwamba ili isisambae inatakiwa karibu watu 95 katika 100 wawe na kinga.

Piga hesabu. Chukua kata ya kufikirika ambako watoto 1,000 huzaliwa kila mwaka na wote, bila kukosa hata mmoja, wanapata dozi ya miezi 9. Kila mwaka watoto 150 wanabaki wazi. Baada ya miaka 4 ni 600, na wengi watakutana darasani. Mgonjwa mmoja akiingia hapo, moto umewaka.

Dozi ya miezi 18 ipo kwa ajili ya hao 150. Wengi wao sasa wataitikia chanjo. Na kwa kuwa hakuna anayeweza kumtambua kwa macho mtoto ambaye dozi ya kwanza ilimpita, wote wanarudi.

Ukubwani na uzeeni

Mwaka 2018 Tanzania ilianza kuchanja wasichana wa miaka 14 dhidi ya HPV, virusi wanaosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Tangu 2024 ni dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Hutolewa mapema kwa sababu chanjo hii huzuia maambukizi. Haiwatoi virusi waliokwishaingia. Baadaye, mjamzito huchomwa ya pepopunda, na kingamwili zake huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto.

Halafu? Ukiondoa ya UVIKO-19, mzee wa kawaida hana mstari wake katika ratiba yetu. Uingereza, mtu akifika miaka 65 hupewa chanjo ya mafua kila mwaka, na pia ya nimonia na ya mkanda wa jeshi. Sababu ni kwamba kinga nayo huzeeka, na mwili hutengeneza seli mpya chache za kupambana na maradhi. Wazee wetu wanavyozidi kuongezeka, swali hili litatufikia.

Kama mmechelewa

Dozi ikipitiliza tarehe, hamuanzi upya. Mnaendelea pale mlipoishia. Chanjo chache, kama Rota, zina ukomo wa umri, kwa hiyo nendeni na kadi mkamuulize nesi. Na kama mtoto ana miaka miwili na mstari wa miezi 18 bado mweupe, bado anaweza kuchanjwa.