Kutoa ni Moyo: Zawadi za Krismasi Zisizomaliza Fedha

Wahenga walisema, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Methali hii hutajwa mara nyingi, lakini mwezi wa Desemba unapofika husahauliwa upesi. Huko Matinyani, upande wa magharibi wa Kitui, magari ya abiria kutoka mijini hufika yamejaa watu na mizigo, na kila anayeshuka hutazamwa mikono. Nauli imepanda, naye msafiri huona haya kuingia kwa wazazi wake bila kitu. Basi hununua chochote kilicho mbele yake, madhali kinang'aa. Sikukuu hupita kwa siku mbili, na baada yake huja Januari, mwezi wa karo, sare na madaftari. Wengi waliotoa kwa fahari mwezi wa Desemba huonekana wakikopa mwezi wa Januari.

Makala haya hayakusudii kumzuia mtu kutoa zawadi. Yanakusudia kueleza jinsi ya kuichagua, ili mtoaji asifilisike na mpokeaji apate faida. Kanuni yenyewe ni moja, nayo ni nyepesi kukumbuka. Kabla ya kufungua mfuko, jiulize: "Kitu hiki kitafanya kazi gani nyumbani kwa ndugu yangu sikukuu ikiisha?"

Ili kulijibu swali hilo yafaa kuifikiri hali ya nchi yenyewe. Katika Ukambani mvua za vuli, zinazoanza Oktoba na kuendelea mpaka Desemba, hutegemewa kuliko zile za masika. Wakati wa Krismasi mahindi na kunde zimo shambani, lakini nyingi hazijakomaa, na akiba ya mavuno yaliyopita imepungua. Kwa hiyo nyumba yaweza kuzungukwa na majani mabichi, na huku chungu ni kitupu. Mgeni atokaye mjini huona kijani hicho akadhani kuna neema.

Tuchukue mfano. Kijana mmoja afanyaye kazi Nairobi amemwekea nyanya yake shilingi chache. Anataka kumnunulia saa ya ukutani yenye maua ya dhahabu. Lakini akili inamjia, anampigia simu kwanza. "Nyanya, hujambo? Nikuletee nini Krismasi hii?" Naye nyanya anamjibu, "Mjukuu wangu, njoo salama tu, mimi sina haja. Ila magoti haya yamekataa kwenda mtoni." Jibu la namna hii ndilo la kusikilizwa vizuri. Mzee haombi, bali hueleza. Hapo kijana amekwisha kuambiwa zawadi aitakayo nyanya, nayo ni maji.

Nyumba ya nyanya ina paa la bati. Tuseme paa hilo limefunika mita za mraba 20. Kila milimita moja ya mvua inayonyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi mvua ya milimita 10, ambayo si kubwa, huangusha lita 200 juu ya paa lile. Hata robo ikipotea kwa kurukaruka na kuvuja, hubaki lita 150, yaani zaidi ya mitungi 7 ya lita 20 ambayo mama mzee hataibeba mgongoni. Kinachotakiwa ni mfereji wa bati chini ya ukingo wa paa, waya na misumari, na pipa safi lenye kifuniko. Maji ya kwanza baada ya kiangazi yaachwe yaende zake, kwa kuwa yanaosha vumbi na mavi ya ndege. Pipa lifunikwe daima, ili mbu wasitage mayai ndani yake. Maji ya kunywa yachemshwe.

Kama fedha za mtu mmoja hazitoshi, ndugu watatu au wanne na wachange. Kazi ya kufunga mfereji waifanye wenyewe kwa asubuhi moja. Wakamba tangu zamani wana desturi ya mwethya, ambayo ni kukusanyika na kusaidiana kazi bila malipo. Jasho pia ni zawadi. Kijana asiye na senti anaweza kutengeneza ua la mbuzi la baba yake, au kufyatua matofali, au kuziba paa linalovuja, na hakuna atakayesema kwamba alikuja mikono mitupu.

Zawadi ya pili ni kiondo. Mkonge humea katika mipaka ya mashamba mengi, na akina mama wa Kitui na Machakos wanajulikana mbali kwa kusokota nyuzi zake na kusuka vyondo. Msukaji huanza kwenye kitako, kisha huzunguka na kupanda mpaka ukingoni. Kazi hii ni ya majuma kadhaa kwa mtu mwenye shughuli nyingine, kwa hiyo atakayetaka kutoa kiondo Krismasi aanze mapema, si wiki ya mwisho. Thamani ya kiondo imezidi tangu tarehe 28 Agosti 2017, siku ambayo mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Kenya. Kila aendaye sokoni anahitaji kitu cha kubebea, na kiondo kilichosukwa vyema hudumu kwa miaka mingi. Asiyejua kusuka anunue kwa msukaji mwenyewe, na fedha zake zitakuwa zimesaidia nyumba mbili.

Zawadi ya tatu ni mche wa mti. Mche wa mwembe uliobebeshwa, yaani kikonyo cha mwembe wa aina nzuri kimeunganishwa na shina la mwembe wa kienyeji, huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, hali mwembe wa kokwa hukawia zaidi. Mti mwingine wa kufaa ni mukau, mti wa asili wa nchi kavu. Mbao zake ni ngumu na mchwa hawazipendi, nao huweza kupasuliwa mbao baada ya miaka 10 hadi 15. Chuo cha utafiti wa misitu cha Kenya kina kituo chake Kitui, na mtu anaweza kupata huko shauri juu ya miti hii. Chimba shimo la nusu mita au zaidi, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, panda ardhi ikiwa na unyevu, tandaza majani makavu kuzunguka shina, kisha weka miiba kuzuia mbuzi. Mtoto aliyepewa mti na kuambiwa, "Huu ni wako," ataumwagilia maji kuliko mtu mzima.

Ya nne ni kuku tembe. Akianza kutaga na kuatamia, mayai huanguliwa kwa siku 21, na zawadi moja imekuwa nyingi. Lakini kumpa mtu kuku bila kinga ni kumpa hasara. Hakikisha amechanjwa dhidi ya kideri, ugonjwa unaoweza kumaliza kuku wa kijiji kwa siku chache, na usinunue kuku aliyesinzia sokoni hata akiuzwa rahisi.

Watoto nao wasisahauliwe. Gari la waya na mpira wa matambara hugharimu muda tu. Mkubwa kidogo apewe madaftari na kalamu zilizofungwa pamoja kwa utepe. Zitamfurahisha siku ya Krismasi, na mzazi wake atashukuru shule zikifunguliwa. Vilevile mwenye ufundi amfundishe mdogo wake. Mutisya Munge wa Wamunyu, Machakos, alijifunza kuchonga vinyago kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918. Ufundi aliorudi nao haukuwa na uzito wowote safarini, nao umelisha nyumba nyingi za Wakamba mpaka leo.

Na wale wanaobaki nyumbani wamrudishie nini msafiri? Desemba ni mwanzo wa msimu wa maembe. Pia kuna asali, ambayo Kitui inasifiwa kwayo. Ichujwe kwa kitambaa safi, itiwe katika chupa kavu, ifunikwe barabara. Ikiganda si dalili kwamba imetiwa sukari. Weka chupa katika maji ya moto kiasi, itayeyuka. Ila mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali kamwe, kwani yaweza kumdhuru vibaya.

Mwisho, kuna adabu ya kutoa. Usitaje bei. Usikope ili utoe, maana zawadi ya mkopo hulipwa na watoto wako. Wala usilinganishe mkono wako na wa jirani. Saa yenye maua ya dhahabu ingalisifiwa siku ya Krismasi, na betri ikiisha ingalisimama ukutani. Lakini mvua ikinyesha usiku wa Januari, nyanya atasikia maji yakiingia katika pipa lake, na kabla ya kulala tena atamtaja mjukuu wake kwa jina.