DAWA ILIYOTOKA UDONGONI

Ndugu msomaji, wewe unayechimba dhahabu hapa Mongbwalu waujua udongo. Wauosha katika karai, watafuta chembe inayong'aa, na uliobaki wautupa. Je, wajua kwamba katika udongo mnakaa wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, na baadhi yao hutengeneza dawa?

Karibu na mwaka 1960, wataalamu wa Marekani walipata dawa ya namna hiyo, iitwayo kapreomisini, kwa mdudu wa udongo. Dawa hii ni peptidi, maana yake ni vipande vidogo vya protini vilivyounganishwa kama shanga. Humzuia mdudu wa kifua kikuu asitengeneze protini za kujijenga. Lakini usiseme, "Basi nitapaka udongo kidondani." Udongo una mdudu wa pepopunda pia, naye huua.

Kapreomisini ilitunzwa kwa wagonjwa wenye kifua kikuu sugu, kisichosikia dawa za kawaida. Haikumezwa, ilipigwa kwa sindano, miezi mingi. Tena iliweza kuharibu figo na masikio. Wengine walipona kifua wakabaki viziwi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri isitumiwe tena kwa ugonjwa huo, kwa kuwa vidonge bora vimepatikana, kama bedakwilini.

Usugu hutoka wapi? Mara nyingi huanza nyumbani. Mgonjwa ameza dawa miezi miwili, kikohozi chakoma, nguvu zarudi, naye arudi shimoni. Wadudu wachache wenye nguvu wamebaki. Hao huzaana, na dawa ya kwanza haiwawezi tena. Kisha huwakoholea mke wake, watoto wake na wenzake wa kazi.

Nawe mchimbaji, jihadhari zaidi. Vumbi la mawe huumiza mapafu na kumfungulia mdudu mlango. Tena shimo ni jembamba: mwenzako akikohoa, wewe wavuta hewa yake.

Ukikohoa majuma mawili, ukikonda, ukitoka jasho usiku au ukitema damu, njoo upimwe makohozi. Ukipewa dawa za miezi sita, zimeze miezi sita, hata ukijiona mzima. Usimgawie jirani, wala usiziuze. Afadhali kumaliza vidonge leo kuliko kutafuta kesho dawa iliyo ngumu kupatikana.